William Jones wa Rabai na deni letu walei

Wakristo wengi wa pwani hii, wakiulizwa nani aliyeleta Injili Mombasa, hujibu pasipo kusita: Krapf na Rebmann. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya kweli. Wazungu hao wawili walifungua mlango. Walioingia ndani, wakafagia nyumba, wakawasha moto na kuwakaribisha wageni, walikuwa watu wengine kabisa, na majina yao hayatajwi sana katika mahubiri yetu. Miongoni mwao alikuwa mtu mmoja aliyepata kuwa mtumwa, jina lake William Henry Jones. Maisha yake yanafaa kusimuliwa upya, hasa katika siku hizi ambapo muumini wa kawaida amezoezwa kuamini kwamba kazi yake kanisani ni kuketi, kuitikia na kutoa sadaka.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa kabla Jones hajafika. Johann Ludwig Krapf alitia nanga Mombasa mwaka wa 1844. Katika muda wa miezi michache tu alimzika mkewe, Rosina, pamoja na mtoto wao mchanga, upande wa bara ambako sasa ni Nyali. Johannes Rebmann alimfuata mwaka wa 1846, na Agosti mwaka huo huo wakaanzisha kituo chao juu ya vilima vya Rabai. Krapf alikuwa mtu wa lugha. Alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, jambo linalotukumbusha kwamba Biblia ya Kiswahili ilizaliwa mikononi mwa Mkristo na Mwislamu. Rebmann naye alikaa Rabai hadi mwaka wa 1875, alipoondoka akiwa amepofuka, huku kijana wa hapo hapo, Isaac Nyondo, akimshika mkono na kumwongoza mpaka Ujerumani. Katika miaka hiyo karibu thelathini, idadi ya waliobatizwa iliweza kuhesabiwa kwa vidole. Wa kwanza, Mringe, alikuwa kilema aliyebatizwa akiwa karibu kufa, mwaka wa 1851.

Sisemi haya ili kumdharau Rebmann, ambaye uvumilivu wake ni wa kustaajabisha. Nayasema kwa sababu yanaonyesha jambo ambalo viongozi wetu wa dini hulikwepa: kasisi peke yake, hata awe mcha Mungu kiasi gani, ni mkono mmoja, na mkono mmoja haulei mwana.

Jones alikuwa mtoto wa bara aliyetekwa, akauzwa, akapakiwa jahazini pamoja na mamia wengine. Manowari ya Waingereza iliyokuwa ikizuia biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi ikawakomboa, naye akapelekwa Bombay kama walivyopelekwa wengi wa aina yake. Karibu na mji wa Nasik, mahali paitwapo Sharanpur, Shirika la Misheni la CMS lilikuwa na makao ya Waafrika waliokombolewa. Huko walifundishwa kusoma na kuandika, dini ya Kikristo, na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Ndipo alipopata jina la Kiingereza na elimu ambayo wakati ule watu wachache sana wa Afrika Mashariki walikuwa nayo. Aliyeyasimamia makao hayo, Padre William Salter Price, tutakutana naye tena hapa Kisauni.

Mnamo mwaka wa 1864 Jones alitumwa Rabai amsaidie Rebmann. Hakuja peke yake. Alikuja na mkewe Jemimah, pamoja na Ishmael Semler na mkewe Grace, na katika kundi hilo hilo la watu wa Nasik alikuwamo George David. Hebu msomaji atafakari: hakuna hata mmoja wao aliyekuwa padre. Walikuwa walimu, mafundi, waume na wake. Tena walikuwa wageni, kwa kuwa bara walikozaliwa hapakuwa Rabai, na utoto wao ulikuwa umepotelea ng'ambo ya bahari. Hata hivyo walikuwa na kitu ambacho mmishenari wa Kizungu hakuwa nacho. Walijua kwa miili yao wenyewe maana ya kufungwa na maana ya kufunguliwa. Waliposema mbele ya watu kwamba kuna ukombozi, hawakuhitaji kutafuta mfano mbali.

Watu hawa waliitwa baadaye Waafrika wa Bombay, na historia ya kanisa katika nchi zetu imejaa nyayo zao. Jacob Wainwright, mwenzao wa Nasik, alikuwa mmoja wa waliouchukua mwili wa David Livingstone kutoka kwa Chitambo hadi pwani baada ya kifo chake mwaka wa 1873, na mwaka uliofuata akasimama kando ya kaburi katika Westminster Abbey, London. Unguja nako, shule ya misheni ya UMCA ilimlea kijana Dallington Maftaa, ambaye mwaka wa 1875 aliachwa na Stanley katika ikulu ya Kabaka Mutesa ili amsomee na kumfundisha Maandiko. Wamishenari wa kwanza wa CMS walifika Buganda mwaka wa 1877. Kwa hiyo yule aliyekwisha kufundisha katika ikulu ile kabla ya padre yeyote wa shirika hilo kukanyaga huko alikuwa kijana mlei. Ukweli huu haufundishwi mara nyingi katika madarasa ya kipaimara.

Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere alipita Mombasa na kuiona hali ya Rabai. Mwaka huo huo Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Frere alipendekeza pajengwe makao ya watumwa waliookolewa karibu na Mombasa, na Novemba 1874 Padre Price akawasili kutekeleza shauri hilo. Ardhi ilinunuliwa ng'ambo ya kisiwa, upande wa Kisauni, na kijiji kikaitwa Frere Town kwa heshima ya Frere. Mwaka wa 1875 mamia ya watu walishushwa hapo kutoka katika manowari, wagonjwa, uchi, na wengine bila jamaa hata mmoja. Ni nani aliyewapokea? Ni nani aliyewapa chakula, akawafundisha lugha, akawaonyesha jinsi ya kujenga nyumba na kulima shamba? Price aliwaita Waafrika wa Bombay, na hao ndio waliobeba mzigo. Kengele ya Frere Town, ambayo mpaka leo inasimama kando ya barabara na kukipa kituo cha matatu jina la Kengeleni, ililizwa kuwatahadharisha watu hao wakati wa hatari. Wengi tunaipita kila asubuhi tukielekea Kongowea bila kuitupia jicho.

Jones aliendelea na kazi yake katika mazingira hayo, na jina lake likafungamana na Rabai hadi akawa msimamizi wa kituo hicho. Hapo ndipo alipokutana na jambo lililomjaribu kuliko yote, nalo ni jambo la watoro.

Katika mashamba ya pwani, watumwa walikuwa wakitoroka mabwana zao tangu zamani. Baada ya misheni kujengwa, wengi walielekea huko: Rabai, Frere Town, na Ribe na Jomvu zilizokuwa chini ya Wamethodisti. Sheria ya nchi, ambayo ilikuwa sheria ya Sultani, ilimtambua mtumwa kuwa mali ya bwana wake. Makao makuu ya misheni kule London nayo yalitaka amani na wenye mashamba, yakawaonya watumishi wao wasiwahifadhi watoro. Mwaka wa 1880 hasira ya mabwana hao ilipanda hata pakahofiwa kwamba Frere Town ingeshambuliwa.

Kwa mmishenari wa Kizungu hili lilikuwa suala la siasa na sheria, na ni haki kusema kwamba lilimuumiza kichwa. Kwa Jones lilikuwa suala la nyama na damu. Mtu aliyefika usiku akiwa na makovu ya kamba alikuwa ni Jones mwenyewe wa miaka ya nyuma. Angemwambia nini? Kwamba Mungu anampenda, lakini arudi kwa bwana wake asubuhi? Wakati wa usimamizi wake watoro waliingia Rabai kwa wingi, wakalima, wakaoa, wakaketi katika madarasa ya ubatizo, wakachanganyika na wenyeji hata isiwe rahisi kuwatambua.

Wala hakuwa peke yake katika msimamo huo. Kule Ugiriama, mzee Abe Ngoa wa Godoma alikuwa amekwisha kukusanya kundi lake la waumini bila mmishenari kukaa nao, na watoro wakapata makao Fuladoyo. Kiongozi mmoja wa Fuladoyo, David Koi, mtoro aliyekuwa mlei asiye na daraja lolote, aliuawa mwaka wa 1883 kwa sababu ya imani na makao yale. Wapo wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa kanisa katika nchi yetu ya Kenya. Ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kulisikia jina lake likitajwa katika ibada ya Jumapili?

Mwaka wa 1888 suala la watoro lilifika ukingoni. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa imepewa mamlaka ya kuitawala pwani, na mwakilishi wake, George Mackenzie, alitaka mashauri ya watoro yamalizwe kabla hayajazaa vita. Hesabu ilipofanywa, ilidhihirika kwamba zaidi ya watu 1,400 katika vituo vya misheni walikuwa watumwa waliotoroka, na sehemu kubwa yao ilikuwa Rabai. Mackenzie aliafikiana na mabwana zao walipwe fidia, na pesa zikachangwa na kampuni, serikali ya Uingereza, CMS na wahisani. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watu hao walipewa hati zao za uhuru.

Wako waliomlaumu Jones kwa kuwaficha watoro na kuiweka misheni nzima hatarini. Lawama hiyo haikosi hoja, maana kama mambo yangeharibika, wangeangamia wengi. Lakini mtu na apime mwenyewe. Kama Jones angeitii barua ya London neno kwa neno, tarehe 1 Januari 1889 ingekuwa siku kama siku nyingine, na wale 1,400 wangekuwa wapi?

Kabla ya hayo, Jones alikuwa amepita katika jaribu jingine ambalo kwalo jina lake lilijulikana hata Ulaya. Januari 1885 Askofu James Hannington aliwasili Frere Town. Alikuta kwamba watu wa Nasik walikuwa wakifanya kazi ya makasisi bila kuwa makasisi. George David, aliyetazamiwa kuwa wa kwanza kuwekewa mikono, alikuwa amefariki mwaka wa 1884. Jumapili ya Utatu, mwezi wa Mei 1885, Hannington akawafanya Jones na Semler mashemasi. Tukihesabu tangu mwaka wa 1864, Jones alikuwa amehubiri, amefundisha, amezika na kufariji kwa miaka ishirini na mmoja akiwa mlei. Na hata baada ya kuwa shemasi, ilimbidi angoje mpaka miaka ya 1890 ndipo apewe ukasisi kamili. Wakati huo wote vijana wa Kizungu waliokuwa na umri wa kuwa watoto wake walifika na kuwekwa juu yake, kwa mishahara iliyozidi ya wenzake wa Kiafrika. Hakuna sababu ya kuificha aibu hiyo.

Julai 1885 Hannington alifunga safari ya Buganda kwa njia mpya ya kupita Umasaini, akiwa na wapagazi wapatao 200. Mwafrika aliyemchagua kuwa mwenzake wa safari alikuwa Jones. Walipofika Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias siku hizi, askofu aliamua kutangulia na watu 50, akamwacha Jones pale na msafara uliobaki. Tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na karibu watu wake wote. Wanne tu ndio waliookoka wakarudi na habari.

Sasa tazama msiba uliomwangukia shemasi huyu wa miezi mitano. Kiongozi amekufa. Njia ya nyumbani ni ya mamia ya maili, katika nchi yenye njaa na uadui, na nyuma yake wako watu zaidi ya mia moja wanaomtazama yeye. Alingoja kwanza, akichunguza kama habari ile ni ya kweli na kama kuna wengine walionusurika. Aliporidhika kwamba hapakuwa na tumaini, akawaongoza watu wake mashariki. Februari 1886 msafara ule ulipanda vilima vya Rabai, ukiwa nyuma ya bendera ya samawati iliyoshonwa kwa herufi nyeupe neno moja la Kiebrania, Ikabodi, lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Wake wa wapagazi waliokuwa wamengoja miezi saba walikimbia kuwapokea waume zao. Wengi hawakuona wa kumpokea. Shajara ya Jones ndiyo iliyowapa waandishi wa maisha ya Hannington mengi ya yale wanayoyaeleza kuhusu safari hiyo.

Dunia ya Kikristo inamkumbuka Hannington, na inastahili. Lakini wale wapagazi waliokufa pamoja naye ni nani anayewakumbuka kwa majina? Kadhalika katika mauaji ya Uganda yaliyofuata, ambayo kilele chake kilikuwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, mashahidi 45 wanaotambuliwa, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, hawakuwa maaskofu. Walikuwa vijana wa ikulu, askari, mafundi na watumishi. Kanisa la Afrika Mashariki limejengwa juu ya mifupa ya walei.

Ni kwa nini basi tumesahau? Nadhani jibu ni kwamba kanisa likishatulia hupenda ngazi. Vyeo huongezeka, mavazi huongezeka, na umbali kati ya madhabahu na benchi la mwisho huongezeka pia. Muumini hujifunza kwamba Injili ni taaluma ya wenye shahada, kama vile udaktari au uwakili. Akiulizwa habari za imani yake kazini bandarini, humwelekeza muulizaji kwa mchungaji. Na mchungaji mmoja wa Changamwe au Likoni mwenye makanisa madogo kadhaa atawafikia wangapi kwa juma?

Haikosekani dalili njema. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka wa 1976, walifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa nguzo ya kazi yao, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umetoa mwaka wa 1965 hati nzima juu ya utume wa walei. Makanisa ya Kiprotestanti yana wasomaji, wainjilisti na vyama vya akina mama ambavyo bila hivyo milango mingi ya makanisa ingefungwa. Hata hivyo jumuiya nyingi zimegeuka kuwa vituo vya kukusanya michango, na mhubiri wa kivukoni Likoni mara nyingi huchukuliwa kama kichekesho. Kanuni zipo, ila moyo wa Rabai ndio uliopungua.

Sharti niseme pia kwamba utume wa mlei si kelele. Mombasa ni mji wa Waislamu na Wakristo, na jirani hageuzwi kwa vipaza sauti vinavyorushiana maneno usiku. Jones hakuwavuta watoro wa Rabai kwa kuwashinda katika mjadala. Aliwafungulia mlango wakati ambapo kuufungua kulikuwa na gharama. Watoro wa leo hawavai minyororo. Ni wasichana wa kazi wasiolipwa, ni vijana waliotekwa na dawa za kulevya vichochoroni Kisauni, ni maskwota waliobomolewa vibanda na hawana pa kulala. Kasisi hawezi kujua kila mlango unaobishwa usiku. Anayejua ni jirani, na jirani ndiye mlei.

Mwaka wa 1934 James Mbotela, mwana wa mtumwa aliyekombolewa, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa ili kizazi chake kisisahau kule kilikotoka. Ni wajibu wa makanisa ya pwani kuendeleza kazi hiyo: kuwafundisha watoto wa shule ya Jumapili habari za Jones na Jemimah, Semler na Grace, Abe Ngoa na David Koi, pamoja na habari za Krapf. Si lazima tusubiri waraka kutoka kwa askofu. Watu wa Nasik hawakuusubiri. Walipofika Rabai walikuta kazi, wakaanza. Na sisi tuliorithi nyumba waliyoijenga, tutajitetea vipi tukiulizwa mlango wake tuliufungia nani?